CHETI CHA IB: KINANUNULIWA AMA KINASOMEWA?

Mwaka jana mwezi wa tatu tulipata wageni watatu hapa ofisini: mzee, mkewe na binti yao. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata B+. Mkononi mama alishika bahasha ya kaki, na ndani yake barua kutoka chuo kimoja nje ya nchi. Barua ilisema binti amechaguliwa kusomea kitu kinachoitwa Diploma ya IB kwa miaka miwili.

Nyumbani kulikuwa na kelele. Mzee alikuwa amepata mnunuzi wa nusu ekari, ile sehemu ya chini karibu na mto. Mama hakutaka kusikia habari ya kuuza. Tena kulikuwa na bwana mmoja wa mjini, ati wakala, aliyesema atasukuma mambo kwa shilingi elfu themanini. Mzee akatuangalia, akasema: "Nyinyi watu wa ofisi, mimi nauliza kitu kimoja tu. Hiki cheti kinanunuliwa ama kinasomewa?"

Swali hilo lilitushika. Tukaomba siku mbili tusome karatasi zote na kuuliza walimu wanaofahamu. Tangu siku hiyo wazazi wengine wanne wamekuja na swali kama hilo, kwa hivyo tumeona heri tuliandike jambo lote hapa, polepole, ili kila mmoja aelewe kabla ya kuita mnunuzi wa shamba.

Kilianzia wapi?

IB ni kifupi cha International Baccalaureate. Ni shirika la elimu lisilo la serikali yoyote, na halitafuti faida. Lilianzishwa mwaka 1968 katika mji wa Geneva, nchini Uswisi.

Sababu yake ilikuwa rahisi. Geneva ni mji wenye ofisi nyingi za kimataifa. Tangu 1924 kulikuwa na shule ya watoto wa wafanyakazi wa ofisi hizo. Sasa fikiria shida ya walimu: katika darasa moja mtoto huyu anajiandaa kwa mtihani wa Uingereza, yule wa Ufaransa, mwingine wa Marekani. Baba akihamishwa, mtoto anaanza upya. Walimu wakasema, tutunge mtihani mmoja ambao vyuo vikuu vya nchi nyingi vitaukubali. Mkurugenzi wa kwanza wa shirika alikuwa Mwingereza, Alec Peterson, aliyekuwa mtu wa elimu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Yeye alikuwa na shabaha nyingine pia: hakutaka kijana afundishwe kukariri tu, bali afundishwe kufikiri.

Kwa hivyo mpango huu ulianza kama jibu kwa watoto wa watu wanaohamahama. Baadaye ulienea mpaka kwa watoto ambao wazazi wao hawajawahi kupanda ndege. Leo hii unafundishwa katika maelfu ya shule duniani. Mtihani hufanywa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania.

Hapa kwetu Kenya shule zinazoufundisha ni chache, na nyingi ni za kulipia. International School of Kenya iliyoko Nairobi ni moja. Nyingine ni Aga Khan Academy ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2003. Jirani zetu wa Tanzania wana UWC East Africa, yenye shule mbili, moja Moshi na nyingine Arusha.

Mwanafunzi husoma nini?

Diploma ya IB ni ya vijana wa miaka 16 hadi 19. Huchukua miaka miwili, na huja kabla ya chuo kikuu. Wazee wetu waliosoma kabla ya 8-4-4 watasema, "Kumbe ni kidato cha tano na cha sita!" Hawakosei sana. Wanakumbuka kuwa darasa la mwisho la kidato cha sita lilifanya mtihani wake mwaka 1989. Lakini kuna tofauti. Kidato cha sita mtu aliacha masomo mengi akabaki na matatu au manne, ya sayansi au ya sanaa. Katika IB haruhusiwi kuegemea upande mmoja.

Masomo ni sita, na yamepangwa kwa makundi sita:

1. Lugha anayoijua vizuri, pamoja na fasihi yake.
2. Lugha nyingine ya kujifunza.
3. Masomo ya watu na jamii, kama historia, jiografia au uchumi.
4. Sayansi, kama biolojia, kemia au fizikia.
5. Hisabati.
6. Sanaa, kama muziki, uchoraji au maigizo. Asiyetaka sanaa anaweza kuchukua somo jingine, kwa mfano sayansi ya pili.

Katika hayo sita, matatu husomwa kwa ngazi ya juu na matatu kwa ngazi ya kawaida. Wengine hubeba manne ya ngazi ya juu, lakini huo ni mzigo. Somo la ngazi ya juu hupangiwa saa 240 za kufundishwa, na la ngazi ya kawaida saa 150. Ndiyo kusema, mpenda sayansi atasoma fasihi, na mpenda fasihi hawezi kukimbia hisabati.

Hapa tuweke neno la kututia moyo. Mpango huu haudharau lugha ya mtoto. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Tena kuna njia ya kijana kusoma fasihi ya lugha ya kwao hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo: anajisomea mwenyewe chini ya uangalizi wa shule, kwa ngazi ya kawaida. Mtoto wetu akienda ng'ambo, asione haya kuuliza kama anaweza kuendelea na Kiswahili.

Uchaguzi wa masomo ndio mahali wengi hujikwaa. Tunamfahamu kijana mmoja wa hapa kwetu aliyepata nafasi miaka iliyopita. Ndoto yake ilikuwa udaktari. Alipofika shuleni alichagua masomo ya ngazi ya juu aliyoyaona mepesi, akaacha kemia kabisa. Hakuna aliyemkalisha chini kumweleza. Alihitimu vizuri, cheti kikang'aa, lakini kila kitivo cha udaktari alichoandikia kilimuuliza, "Kemia iko wapi?" Leo anafanya kazi nyingine, na anaifanya vizuri. Lakini mama yake bado husema, laiti tungalijua. Basi, kabla ya kuchagua masomo, anzeni mwisho: angalieni kozi ya chuo kikuu inataka nini, kisha mrudi nyuma.

Mambo matatu ya lazima

Mbali na masomo sita kuna mambo matatu ambayo kila mwanafunzi lazima ayafanye. Hayo ndiyo moyo wa mpango.

La kwanza ni Nadharia ya Maarifa. Usiogope jina. Ni somo la kuuliza: tunajuaje kwamba tunajua? Kwa mfano, mganga anasema dawa hii inaponya, na daktari anasema haiponyi. Tumwamini nani, na kwa ushahidi gani? Gazeti likiandika jambo, tupime vipi? Mwanafunzi huandika insha isiyozidi maneno 1,600, na hufanya maonyesho ya vitu vitatu akieleza vinahusianaje na swali kama hilo.

La pili ni Insha Ndefu. Mwanafunzi huchagua swali lake mwenyewe, hufanya utafiti, na kuandika hadi maneno 4,000. Mwalimu humwongoza kwa saa chache tu, kati ya tatu na tano. Kazi iliyobaki ni yake. Anayenakili kazi ya mwenzake au kuandikiwa na mtu, akishikwa, anaweza kukosa diploma yote.

La tatu huitwa CAS. Herufi hizo tatu ni za ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Kwa muda wa angalau miezi 18, mwanafunzi hushiriki mambo kama kwaya, kandanda, kufundisha watoto, kupanda miti au kutembelea wazee. Zamani zilihesabiwa saa 150. Siku hizi hazihesabiwi saa. Mwanafunzi hutakiwa kuonyesha amefanya nini na amejifunza nini. CAS haina alama hata moja, lakini asiyeitimiza hapati diploma, hata akiwa wa kwanza darasani.

Sisi wa maendeleo hili la tatu lilitufurahisha. Watoto wetu wengi tayari huchota maji ya nyanya yao, hufundisha wadogo zao, huimba kwaya na kufagia uwanja wa zahanati. Nyumbani tunaiita kazi tu. Huko nayo imewekwa kuwa sehemu ya elimu.

Pointi huhesabiwaje?

Kila somo hupewa alama kutoka 1 hadi 7, na 7 ndiyo ya juu. Masomo sita mara saba ni 42. Nadharia ya Maarifa na Insha Ndefu kwa pamoja huleta pointi hadi 3. Jumla kuu ni 45. Wanaofika 45 ni wachache sana.

Ili kupata diploma, mwanafunzi anahitaji angalau pointi 24. Lakini ngoja, kuna masharti. Masomo matatu ya ngazi ya juu lazima yafike jumla ya 12, na yale ya ngazi ya kawaida yafike 9. Asipate 1 katika somo lolote. Asipate E katika Nadharia ya Maarifa wala katika Insha Ndefu. Na CAS iwe imetimizwa. Yapo masharti mengine ya alama za chini, lakini hayo ndiyo makubwa.

Tuone mifano miwili.

Mwanafunzi wa kwanza amepata 5, 6 na 4 katika ngazi ya juu: jumla 15. Ngazi ya kawaida amepata 5, 5 na 4: jumla 14. Hizo ni 29. Ameongezewa 2 za insha na nadharia, amefika 31. Huyu ana diploma, na ni alama nzuri.

Mwanafunzi wa pili amepata 4, 4 na 3 katika ngazi ya juu: jumla 11. Ngazi ya kawaida amepata 6, 5 na 5: jumla 16. Ukiongeza pointi 1 anafika 28. Mzazi atasema, si amepita 24? Hapana. Ngazi ya juu amepungukiwa na pointi moja tu ya kufika 12, na kwa hiyo hana diploma. Atapewa karatasi inayoonyesha alama za kila somo, na anaweza kurudia mtihani. Anaruhusiwa vipindi vitatu vya mtihani kwa jumla.

Mitihani hufanywa mara mbili kwa mwaka: Mei kwa shule nyingi, na Novemba kwa nyingine. Matokeo ya Mei hutoka mwanzoni mwa Julai. Lakini si alama zote zinazotoka katika mtihani wa mwisho. Katika karibu kila somo kuna kazi inayofanywa shuleni ndani ya miaka miwili, kama utafiti wa maabara au mazungumzo yaliyorekodiwa. Mwalimu huisahihisha, kisha sampuli hupelekwa kwa wasahihishaji wa nje wahakikishe mwalimu hakupendelea wala kuonea.

Faida ya kazi hiyo ilionekana mwaka 2020, wakati wa korona. Mitihani ya Mei ilifutwa, na alama zikatolewa kwa kutumia kazi za mwaka pamoja na makadirio ya walimu. Wanafunzi wengi walilalamika kwamba hesabu ile haikuwatendea haki. Lakini aliyekuwa ameicheza kazi ya mwaka mzima, akingoja kubukua mwezi wa mwisho, hakuwa na pa kushika.

Faida yake ni nini, na mipaka yake ni ipi?

Faida ya kwanza ni kwamba cheti hiki hufahamika katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Vyuo vingi vya Uingereza, kwa mfano, humtaka mwenye KCSE asome kwanza mwaka wa matayarisho, lakini mwenye IB anaweza kuomba moja kwa moja. Baadhi ya vyuo vya Marekani humsamehe mwanafunzi kozi fulani za mwaka wa kwanza akipata alama nzuri katika ngazi ya juu. Faida ya pili ni mazoea ya kazi. Kijana aliyeandika maneno 4,000 akiwa na miaka 17 hababaiki akipewa utafiti chuo kikuu.

Lakini tuseme ukweli wote. Kama nia ya mtoto ni kusoma chuo kikuu hapa Kenya, na amepata C+ au zaidi katika KCSE, mlango wa digrii uko wazi tayari. Haihitaji IB. Kwenda miaka miwili ya IB kisha kurudi kuanza mwaka wa kwanza hapa ni kuzunguka mlima ilhali njia iko mbele yako. Tena shirika la KUCCPS linalogawa nafasi za vyuo hutumia matokeo ya KCSE. Mwenye cheti cha nje huomba chuoni mwenyewe, na cheti chake hulinganishwa na vyeti vya Kenya kupitia mamlaka ya serikali iitwayo KNQA. Mwenye nia hiyo aulize mapema, na apewe jibu kwa maandishi.

Na wale walio katika mtaala mpya wa umilisi wasidhani wameachwa nyuma. Mtaala huo pia una huduma kwa jamii na kazi zinazofanywa mwaka mzima. Ni mambo ambayo IB imeyafanya kwa miaka mingi. Mtoto aliye darasa la kumi katika shule yetu ya kutwa, akiwa na mwalimu mwenye bidii, anaweza kujifunza kuuliza na kupima mambo vilevile.

Gharama na misaada

Hapa ndipo mashamba huuzwa. Tusikilizane vizuri.

Shule hulipa shirika la IB ada kila mwaka, lazima walimu wafunzwe, na ada ya mtihani wenyewe ni zaidi ya dola 100 kwa kila somo. Masomo sita ni zaidi ya dola 600. Hiyo ni mitihani tu. Karo ya shule ni nyingine, na katika shule nyingi za kulipia ni pesa ambazo mkulima wa ekari mbili hawezi kuzipata hata akiuza zote mbili.

Lakini ziko njia za halali kwa mtoto wa maskini. Aga Khan Academy hutoa msaada wa karo kulingana na uwezo wa familia. Njia nyingine inayojulikana ni ya United World Colleges, kwa kifupi UWC. Chuo cha kwanza cha kundi hili kilifunguliwa Wales mwaka 1962. Wazo lilikuwa la Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyewakimbia Wanazi, ambaye aliamini kwamba vijana wa mataifa yaliyopigana vita wakila, wakilala na kufanya kazi pamoja, watajifunza kuishi kwa amani. Leo UWC ina shule 18 duniani. Moja ni Waterford Kamhlaba huko Eswatini, iliyoanzishwa 1963 ili watoto weusi na weupe wasome pamoja, wakati jirani yake Afrika Kusini ilikuwa imeshikwa na ubaguzi wa rangi. Binti za Nelson Mandela, Zenani na Zindzi, walisomea hapo.

Mtoto huomba kwa kamati ya nchi yake, na Kenya inayo kamati hiyo. Huangaliwa masomo, tabia na moyo wa kusaidia wengine. Msaada wa pesa hupimwa kwa mahitaji ya familia: aliye na kitu analipa, asiye na kitu husaidiwa. Nafasi hizo haziuzwi. Hakuna wakala mwenye ufunguo.

Tukirudi kwa wageni wetu

Zile siku mbili tulizoomba, tulisoma karatasi zote za binti. Barua ilikuwa ya kweli. Nafasi ilikuwa ya kweli. Lakini tuliona jambo lililotushtua. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ndefu ya mapato ya familia, na ilikuwa tupu. Ilitakiwa irudishwe kabla ya siku kumi na moja kuisha.

Tukauliza kwa nini haijajazwa. Mama akasema kwa sauti ndogo: "Yule bwana alitukataza. Alisema tukiandika kwamba hatuna kitu, watamkataa mtoto."

Wasomaji, mnaona mtego? Fomu ile ndiyo iliyokuwa njia ya msaada. Bila fomu, chuo kingehesabu kwamba familia inaweza kulipa yote. Familia ikishindwa, wakala angesema, "Uzeni shamba, mimi nitawasaidia." Tulikuwa tumebakisha siku kumi na moja mtoto apoteze nafasi kwa sababu ya kuona haya kusema ukweli.

Tulikaa na mzee jioni hiyo kwenye meza ya ofisi. Tukaandika: ekari mbili, ng'ombe watatu, mmoja anakamuliwa. Chai kiasi gani kwa mwezi. Watoto watano, wawili bado shule. Deni la chama cha ushirika. Mzee alikuwa na uzito. Alisema katika maisha yake hajawahi kumwandikia mgeni kwamba yeye ni mtu wa kukosa. Tukamwambia, "Mzee, hapa hauombi. Unaulizwa, nawe unajibu." Akanyamaza kidogo, kisha akatia sahihi. Chifu na mwalimu mkuu wakaandika barua za kuthibitisha. Karatasi zilitumwa siku tano kabla ya mwisho.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Chuo kilichukua karo, chakula na malazi kwa miaka yote miwili. Kilichobaki kwa familia ni nauli, pasipoti, vipimo vya hospitali na pesa kidogo za mfukoni. Mzee aliuza ndama mmoja. Jumuiya yao ndogo ndogo ikafanya harambee, na waliobaki na shilingi hamsini walitoa hamsini. Nusu ekari ya mtoni bado iko, na mwaka huu imepandwa sukumawiki na arrowroot, zile nduma za kienyeji.

Binti aliondoka mwezi wa nane, na sasa yuko mwaka wa kwanza. Alichukua kemia na biolojia kwa ngazi ya juu, kwa sababu anataka uuguzi au udaktari, na kabla ya kuchagua aliandikia vyuo kuuliza. Anasema hisabati inamtoa jasho. Anasema pia kwamba kwa ile huduma ya CAS anawafundisha watoto kusoma kila Jumamosi, na wenzake wanashangaa anavyojua kuwatuliza. Mama yake alicheka sana aliposikia. "Si amelea wadogo zake wanne?" alituambia.

Yule bwana wa mjini hajaonekana tena. Tumesikia yuko tarafa ya pili.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kateni sehemu hii muiweke, au muisome kwenye mkutano wa jumuiya.

1. Je, shule hii imeidhinishwa na shirika la IB? Orodha ya shule zilizoidhinishwa iko wazi kwa kila mtu. Neno "kimataifa" kwenye lango si ushahidi.

2. Msaada unachukua nini hasa? Karo tu? Chakula? Kitabu? Ada ya mtihani? Nauli ya likizo? Na ni wa mwaka mmoja au miwili? Mtoto akiachwa katikati, mwaka mmoja haumpi diploma.

3. Mtoto anataka kusomea nini baadaye, na masomo anayochagua yatamfikisha huko?

4. Akimaliza atakwenda wapi? Diploma ya IB ni daraja la kwenda chuo kikuu. Si cheti cha kazi. Mkiwa hamjui pesa za chuo kikuu zitatoka wapi, ulizeni sasa.

5. Je, mtoto mwenyewe anataka? Miaka miwili mbali na nyumbani, kwa baridi na chakula kigeni, haibebwi kwa hamu ya baba peke yake.

6. Nani anaomba pesa, na risiti iko wapi? Anayedai kusukuma mambo hana pa kusukuma. Msimpe hata senti. Leteni karatasi zake ofisini.

Na mtoto asiyechaguliwa je? Wale waliochaguliwa ni wachache, na waliobaki si wa kutupwa. Katika mtaa huohuo wa binti huyu kuna kijana aliyefika usaili asichukuliwe. Yeye alikwenda chuo cha ufundi, anasomea umeme, na kwa likizo ndiye aliyeweka taa za zahanati yetu. Wote wawili ni watoto wetu.

Mzee alipopita hapa wiki iliyopita kununua mbegu, tulimkumbusha swali lake. Akafikiri, akasema: "Kinasomewa. Lakini mimi nilikaribia kukinunua."

Mwenye barua kama hiyo nyumbani aje nayo Jumanne au Alhamisi asubuhi. Kusomewa barua hapa ni bure. Mje na fomu zote, hasa zile mlizoambiwa msijaze.